Uwanja wa ndege wa Mwanza uoane na nani? Nimewapanga hapa Dar, Nairobi, Entebbe, Kigali na Addis

Wakuu salama. Naanza na kitu nilichokiona mara nyingi mpaka nikazoea, na huko kuzoea ndo ubaya wenyewe. Jioni gari la baridi limeshapakia minofu ya sangara kiwandani, maboksi meupe yamepangwa mpaka juu, dereva anafunga milango, anabana sili, anawasha, anatoka getini. Uwanja wa ndege uko hapo hapo Ilemela, safari ya dakika tu. Gari linaupa mgongo. Linashika njia ya Igoma, Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, Tarime, likavuke mpaka wa Kenya pale Sirari lielekee Nairobi, zaidi ya kilomita 600, ili samaki wa ziwa ambalo unaliona ukiwa umesimama kwenye ngazi ya ndege Mwanza akapandie ndege Nairobi.

Halafu tukikaa kijiweni Pasiansi tunabishana kuhusu jengo la abiria. Jengo limechelewa, jengo dogo, jengo lile la zamani joto. Sawa, ni kweli, ila jengo haliiti ndege. Mi nimefanya uwakala wa mizigo miaka ya kutosha na sijawahi kukutana na mtu wa shirika la ndege aliyeniuliza habari za vigae. Wanauliza mambo matatu: mna nini cha kunipakia, nikija nakuja na nini, na mafuta bei gani.

La kwanza tunalo. Minofu, mabondo (vile vibofu vya hewa vya sangara), madini ya ukanda huu, watalii wa Serengeti upande wa magharibi. La tatu linatuumiza kidogo maana mafuta ya ndege yanatembea kutoka pwani zaidi ya kilomita 1,000 ndo yafike huku, na huo mwendo unaukuta kwenye bei. Ila linalotumaliza kabisa ni la pili. Ndege ya mizigo ikija Mwanza kuchukua samaki, inashusha nini? Vipuri vya mgodini kidogo, dawa kidogo, basi. Kama imekuja tupu maana yake samaki ndo anailipia kuja na anailipia kuondoka, na sangara hata awe mtamu vipi hawezi kulipa nauli ya watu wawili.

Kwa hiyo ushirika wa kikanda, ambao wengi tunaujua kwa picha za wakubwa wanapeana mikono mbele ya mabendera, kwa uwanja wa saizi yetu ni hesabu ya tumbo la ndege. Nani ana mzigo wa kushusha, nani ana wa kupandisha, na je ndege moja inaweza ikawahudumia wote wawili kwenye mzunguko mmoja. Ukishaliona hivyo kila mchumba unampima tofauti.

Kitu kingine tuelewane kabla sijaanza. Uwanja wenyewe hauna ndege na hausaini kila kitu. Lami na majengo ni vya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, vibali vya nani atue na abebe nini viko Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mikataba ya nchi na nchi iko serikalini. Na "kushirikiana" kuna ngazi zake. Kuna ya chini kabisa, tiketi moja na begi moja mpaka mwisho wa safari hata kama umebadili shirika njiani. Kuna kodisheya, yaani ndege ni ya huyu lakini na yule anauza viti vyake kwa namba yake mwenyewe. Kuna kununua hisa. Na kuna ile ambayo kwangu mimi ndo kiini cha yote, haki ya shirika la nchi moja kubeba mzigo au abiria kati ya nchi nyingine mbili, wenyewe wanaiita uhuru wa tano wa anga. Bila hiyo ya mwisho ndege ya Addis haiwezi kushusha vitu Entebbe, ikachukua samaki wa Uganda, ikaja kujazia Mwanza na kwenda zake Ulaya. Inakuwa mambo ya ombi maalum, leo wamekubali kesho wamekataa, na mnunuzi wa samaki hasubiri ombi maalum.

Haya tuwaone mmoja mmoja.

Dar: ndoa tuliyonayo

Dar tumeshaoana naye zamani, tuseme ukweli. Abiria wa Mwanza asilimia kubwa anaenda Dar au anapitia Dar, na ruti yenyewe ina watu. Fastjet walipoanza Novemba 2012 hawakwenda kujaribu bahati mahali pengine, ruti zao mbili za mwanzo zilikuwa Dar–Kilimanjaro na Dar–Mwanza. Walikuja kufungiwa mwisho wa 2018 lakini lile swali la kama Mwanza kuna abiria walishalijibu. Leo kuna Air Tanzania na Precision, saa moja na nusu hivi kwa jeti uko pale, ukitaka kuunganisha kwenda nje unaunganisha.

Kwa abiria mimi sina ugomvi na Dar. Kwa mabondo pia, ni kitu chepesi chenye hela ndefu, kikishakaushwa hakina haraka ya barafu, unakiweka tumboni mwa ndege ya abiria kinaenda Dar kikaunganishe China huko.

Kwa minofu freshi ndo kasheshe. Kwanza ramani: soko liko kaskazini Ulaya, wewe unampeleka samaki kusini mashariki kwanza, halafu arudi juu akipita karibu na alikotoka. Pili, Air Tanzania walipokea ndege yao ya mizigo, Boeing 767-300F, Juni 2023, ya tani 54, tukashangilia, na mimi nilishangilia, ila Desemba 2024 Umoja wa Ulaya wakaiweka Air Tanzania kwenye orodha ya wasioruhusiwa anga yao, na Juni 2025 wakaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Kwa hiyo hata ukimpeleka Dar, kwenda Ulaya lazima akabidhiwe kwa shirika la nje. Sasa kama mwisho wa yote ni shirika la nje, kwa nini lisije kumchukulia huku huku? Hili ndo swali ambalo nataka mtu wa Dar anijibu bila kunitajia uzalendo.

Nairobi: ana ndege kila usiku, na ana maneno

Nairobi ana kitu ambacho majirani hawana kwa wingi kama wake. Maua. Maua ya Naivasha na kwingineko yanataka ndege za mizigo kila siku ya Mungu, na ndege zikishakuwa nyingi bei kwa kilo inashuka, na samaki wa Mwanza anajibanza kwenye kona zinazobaki. Nairobi pia ana mzigo wa kushuka, mji mkubwa, mashirika ya misaada, viwanda. Yale maswali matatu yote anayajibu amekaa.

Ila barabara. Usiku mmoja, wa miaka ya nyuma, nimelala zangu simu inaita saa nane. Dereva wetu, mtu mzima, namheshimu kama baba.

"Kijana wangu, mashine ya baridi inawaka inazima."

"Kipimo kinasoma ngapi mzee wangu?"

"Kilikuwa mbili. Saa hii nne. Na foleni haijasogea, wanasema mtandao umekata, karatasi haziingii."

Nyuzi nne ndo mwisho wetu, ikipita hapo unaanza kuomba dua. Nikamwambia asifungue mlango hata akiambiwa na nani, azime taa zote, injini ya mashine aiache ipumue robo saa aiwashe tena. Nikakaa kitandani nimeshika simu mpaka alfajiri kama mtu anayesubiri taarifa ya hospitali. Walivuka saa moja asubuhi, kipimo sita. Ndege yetu ilishaondoka, tukapangiwa ya kesho yake, mnunuzi akapokea ila akakata bei, na kuikata kwenyewe kulikuwa kwa adabu sana, ile adabu inayouma. Hapo hujaharibikiwa na samaki, samaki alikuwa mzima. Umeharibikiwa na barabara na foleni.

Na tuseme barabara ni nzuri na mtandao haukati. Bado kuna maneno ya nchi na nchi. Agosti 2020, enzi za korona, Kenya haikuitaja Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo watu wake wanaingia bila masharti, sisi tukazuia Kenya Airways isitue, mpaka Septemba ndo yakaisha. Januari 2024 tena, Kenya ilikataa ndege ya mizigo ya Air Tanzania ibebe mzigo kutoka Nairobi kwenda nchi ya tatu, yaani ule ule uhuru wa tano niliousema, Tanzania ikajibu kwamba safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar zinasimama kuanzia tarehe 22. Siku chache wakaelewana. Siku chache kwa wanasiasa ni ushindi wa mazungumzo, kwa mwenye samaki kwenye barafu ni msiba.

Kenya Airways walishajaribu kuingia kwa mlango wa hisa pia, walinunua asilimia 49 ya Precision mwaka 2003, na baada ya Precision kuuza hisa sokoni 2011 wakabaki na kama 41. Abiria walifaidi, tiketi moja mpaka Ulaya kupitia Nairobi. Uwanja wa Mwanza ulipata nini? Ulipata kuwa mkia wa Nairobi. Sio tusi, ni jiografia ya shirika: mwenye kituo kikuu anajaza kituo chake.

Nairobi mimi namweka kama jirani mwenye jenereta. Umeme ukikatika kwako unagonga hodi. Hujengi nyumba ukitegemea jenereta lake.

Kigali: hana ziwa hili, ana mipango

Huyu wengi wanamdharau kwa sababu nchi ndogo. Rwanda wao walikaa wakajiuliza hatuna bahari, tunauza nini, wakauza utaratibu. Desemba 2019 Qatar Airways wakatangaza kuchukua asilimia 60 ya uwanja mpya wa Bugesera, 2021 RwandAir na Qatar wakaanza kuuziana viti, 2023 Qatar wakaweka Kigali kituo chao cha mizigo kwa Afrika. Angalia mpangilio wake, ndege zimeanza kuzunguka kabla uwanja mpya haujaisha. Sisi tunasubiri jengo liishe ndo tutafute ndege.

Kwa Mwanza, Kigali ni mchumba mwenye maana kwa sababu anahitaji tulichonacho. Ndege zinazoleta vitu Kigali zinahitaji kitu cha kuondoka nacho, na samaki wa kuuza Ulaya kwa wingi hana. Na kwa barabara sasa hivi sio kama zamani, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, ule mchezo wa kulala foleni ya kivuko umekwisha, unapiga Geita, Biharamulo, Rusumo, umefika.

Tatizo langu ni moja. Kwenye ndoa hii mwenye nyumba sio Kigali, ni Doha, kwao Qatar Airways. Mwanza anakuwa shemeji wa mbali. Doha ikibadilisha ratiba yake ya dunia nzima hakuna atakayepiga simu Ilemela kuuliza tumeathirika vipi. Na gari linabaki kuwa gari, bado samaki anatembea usiku kucha barabarani, tumebadilisha mpaka tu.

Addis: na hapa lazima nipitie Lomé

Kuna uwanja mmoja Afrika Magharibi, wa saizi ya kati kama sisi, Lomé, Togo. Majirani zake ni Accra upande mmoja na Lagos upande mwingine, miji ambayo kwa abiria inammeza mara kadhaa. Kwa akili ya kawaida Lomé alitakiwa afe kibudu. Alichofanya, aliwakaribisha Ethiopian. Likazaliwa shirika la ASKY, makao yake makuu Lomé, Ethiopian akiwa mshirika mwenye hisa na ufundi, wakaanza kuruka Januari 2010. ASKY anazoa abiria miji ya Afrika Magharibi na Kati anawaleta Lomé, Ethiopian anawachukua. Na kuanzia 2016 Ethiopian akaweka ndege Addis–Lomé–Newark, yaani mtu wa Lomé anapanda ndege ya Ethiopia kwenda Marekani moja kwa moja, uhuru wa tano huo hapo mchana kweupe.

Sasa kwa nini Lomé inamfaa Ethiopian? Hapa ndo pananifurahisha. Addis iko juu sana, mita 2,334 kutoka usawa wa bahari. Hewa nyepesi, ndege nzito inahangaika kunyanyuka, ikijaza mafuta ya kwenda Marekani inabidi iache mzigo. Lomé iko usawa wa bahari kabisa. Togo waliuza bondeni kwao! Kitu ambacho hakuna mtu angekiandika kwenye brosha ya utalii.

Na sisi je. Mwanza ni mita 1,147 hivi, rani wei yetu ni zaidi ya kilomita 3. Addis anatuzidi juu kwa zaidi ya mita 1,100, Nairobi yuko 1,624, Kigali 1,491. Sio bahari, sikudanganyi, ila ndege ya mizigo inayoondoka Mwanza inanyanyuka na kilo nyingi kuliko ikiwa Addis, na samaki ni kilo. Hiki ni kitu cha kupeleka kwenye mazungumzo, sio picha za jiwe la Bismarck pale ziwani.

Ila Addis ana upande wa pili. Malawi nao waliingia naye 2013, Ethiopian asilimia 49, likazaliwa Malawian Airlines. Lilongwe haijawa Lomé. Jina la mshirika ni lile lile, kilichotofautiana ni kazi uliyopewa: Lomé alipewa kuwa kitovu cha ukanda wake, ukiwa huna ukanda wa kumpa unabaki kumjazia yeye kwake. Na sisi wenyewe tuna kovu letu, 2002 South African Airways walinunua asilimia 49 ya Air Tanzania kwa dola milioni 20, ndoa ikavunjika 2006 serikali ikarudisha hisa zake. Ukimuuliza mtu mzima aliyekuwa kwenye sekta enzi zile atakwambia Johannesburg ndo ilikuwa inafikiriwa kwanza. Ndo maana mimi kwenye hisa nasema taratibu. Anza na ratiba, siku mbili kwa wiki zisizobadilika, hisa tutaongea tukishajuana tabia.

Faida nyingine ya Addis ni anakotua Ulaya. Mizigo yake amekuwa akiishushia Liège, Ubelgiji, na Liège yenyewe ni shule. Uwanja wa mji wa kawaida, abiria kiduchu, lakini mizigo imejaa. TNT, kampuni ya kusafirisha vifurushi, walikaa pale tangu 1998, sasa ni FedEx, na 2021 Alibaba wakafungua ghala lao. Walichowapa wateja ni ruhusa ya kutua saa 24 na barabara inayofika Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi ndani ya usiku mmoja. Wakaachana na mashindano ya maduka ya manukato, Brussels akae nayo.

Entebbe: ndugu, mshindani, vyote kwa pamoja

Nimemwacha mwisho kwa makusudi.

Entebbe kwa anga ni chini ya kilomita 300 kutoka Mwanza, unavuka ziwa tu. Yuko mita 1,153, sisi 1,147, ndege haioni tofauti. Anauza samaki yule yule kwa wanunuzi wale wale, na akiumia tunaumia wote: Ulaya walipofunga milango kwa samaki wa ziwa hili miaka ya mwisho ya tisini, hawakuuliza sangara huyu kavuliwa maji ya nchi gani. Ndo maana watu wanasema huyu ni mshindani, utashirikianaje naye.

Mi naona kinyume. Mshindani mwenye mzigo kama wako ndo pekee anayeweza kukusaidia kujaza ndege. Fikiria ndege ya mizigo inatoka Ulaya au Ghuba, imebeba vitu vya Kampala, mji mkubwa unaokula mizigo. Inashusha Entebbe. Viwanda vya Uganda vina tani kadhaa usiku ule, hazijai. Inaruka chini ya saa moja inakuja Mwanza, inajaza zilizobaki, inaondoka. Gharama ya kuja imelipwa na mizigo ya Kampala, ya kuondoka wamegawana samaki wa nchi mbili. Lile swali la pili, nikija nakuja na nini, limejibiwa na mtu mwingine. Hakuna gari, hakuna Sirari, hakuna simu saa nane usiku.

Na huyu ndugu tuna historia naye. Shirika la East African Airways lilikuwa letu wote mpaka 1977. Halafu 1994 Tanzania, Uganda na Afrika Kusini wakaunda Alliance Air, makao yake upande wa Uganda, likafa 2000. Uganda Airlines wamefufuka Agosti 2019 wana ndege zao mpya. Kwa hiyo sio kwamba hatujawahi kujaribu, tumejaribu mara mbili, na mara zote tulianza kwa kuunda shirika la pamoja, kitu kizito, bodi, wakurugenzi, nani mwenyekiti, bendera gani mkiani. Hakuna aliyejaribu kile chepesi: viwanja viwili vikubaliane ada moja ya kutua kwa ndege inayogusa vyote viwili, karatasi za samaki zitambulike pande zote, na kibali cha ule mruko wa kati kitolewe kwa mwaka mzima badala ya safari kwa safari. Maabara ya kupima ubora wa samaki tunayo hapa hapa Nyegezi, wao wana yao, wazungumze lugha moja.

Ugumu wake upo na sitauficha. Entebbe atataka ndege ipakie kwake kwanza ndo ije kujazia kwetu, nasi tutataka kinyume, maana anayejaza mwisho ndo anapata au anakosa nafasi kutegemea mwenzie kapakia kiasi gani. Hapo lazima kuandikiana: tani kadhaa ni za Mwanza hata kama Entebbe wamejaa, na Mwanza wasipozileta wanalipia hewa. Hiyo ya kulipia hewa wenye viwanda wetu hawaipendi kabisa. Nimewahi kukaa nao chumba kimoja, kila mtu anataka ndege iwepo, hakuna anayetaka kuahidi kilo. Mpaka hapo tutakapoahidi kilo, tusimlaumu mtu.

Kwa hiyo unachagua vipi

Inategemea umebeba nini. Una minofu freshi ya tani kumi leo usiku: kwa hali ilivyo unapeleka Nairobi, usijidanganye, ila kama kuna siku ya mzunguko wa ziwa, ile ndege ya Entebbe na Mwanza, unaikamata hata kama bei imezidi kidogo, maana ile sita ya kipimo inagharimu zaidi. Una mabondo: Dar, umemaliza. Una dagaa wa Kirumba wa kwenda Kongo, dagaa hapandi ndege, dagaa anapanda fuso, wewe hii mada haikuhusu hahaha.

Una wageni wa Serengeti, hapa mchumba sio wa nje kabisa, ni KIA. Mashirika makubwa ya nje yanatua Kilimanjaro, geti la Ndabaka, la Serengeti upande wa magharibi, liko kama kilomita 140 kutoka Mwanza, kwa hiyo mgeni angeingia kwa KIA akapita mbuga nzima akatokea Mwanza bila kurudia njia ile ile ya vumbi. Kinachotakiwa ni tiketi moja tu inayosema ingia kule tokea huku. Ni kitu cha watu wawili kukaa mezani. Kisumu sijamweka kwenye orodha kwa sababu yuko kwenye foleni ile ile tuliyopo sisi, anatafuta wachumba wale wale.

Kwa uwanja wenyewe, mimi ningechukua wawili: Entebbe kwa mzunguko, na mwenye ndege awe Ethiopian au yeyote anayeruhusiwa anga ya Ulaya na ana njaa ya kilo. Kigali abaki mlango wa pili ili hao wawili wasijue kwamba hatuna pa kwenda. Dar tuendelee naye kwa abiria kama zamani. Hakuna kipengele cha kumpa mtu haki ya peke yake, na kwenye mkataba iandikwe tunaachanaje kabla hatujaandika tunaanzaje.

Na kabla ya safari yoyote ya kwenda Addis au Entebbe na suti, mtu mmoja akae na wenye viwanda hapa hapa Mwanza, siku moja, na karatasi moja yenye safu mbili: jina la kiwanda, na kilo anazoahidi kila Jumanne na kila Ijumaa, awe amevua au hajavua. Tukipata karatasi ile imesainiwa, hata kwa tani 20 tu, shirika la ndege litatupigia lenyewe.

Yule mzee bado anaendesha. Juzi nimemuona Igoma anaweka upepo tairi, nikamuuliza leo Sirari tena, akanijibu, "Kwani kuna pengine?"